Koti Lililooshwa Mara Saba

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya ushoni lilikuwa kuliosha koti la Bwana Athumani. Sikuliosha ovyo. Lau ningeliosha ovyo, kama watu wengi wanavyoosha nguo zao, huenda lingesalimika. Nililiosha kwa bidii yangu yote, mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo, na nilipomaliza nilikuwa nimelitoa uhai wake. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Bi Zena, mjane wa Bwana Athumani, na baada ya hitima mjukuu wake Mwanakheri alinijia dukani na furushi la leso kuukuu. Hakusema ni nini. Harufu ya nta na simsim ilinifika kabla hajafungua fundo, nikaweka sindano chini. Koti lilikuwa limekunjwa vile vile nilivyowafundisha kulikunja, bila ya kulikandamiza, mgongo nje. Mwanakheri alisema kwamba nyanya yake aliliweka kwenye sanduku miaka yote, na kwamba mume wake yeye Mwanakheri, ambaye siku hizi huvusha watu baina ya Amu kisiwani na Mokowe bara, angependa kulivaa mvua zikianza. Akanyosha mkono wa kushoto wa koti, akanionyesha begani. "Lakini babu, hapa nani alishona hivi? Kama mtoto." Nikamwambia nitalitazama.

Mwaka ninaoutaja ulikuwa miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Nilikuwa kijana nisiye na mwalimu wa ushoni. Nilijifunza kwa kufumua: nilinunua kanzu zilizochakaa, nikazifumua mshono mmoja mmoja, nikajaribu kuzirudisha zilivyokuwa. Kwa hiyo nilijua kufumua kuliko kushona, na hilo lilinifuata. Kazi yangu niliifanyia kwenye daka la nyumba ya Bwana Athumani, yaani ile baraza ya mawe iliyo mbele ya mlango, penye kivuli na upepo wa kichochoro. Aliniruhusu kukaa pale bila ya kunidai chochote. Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na nalitumia neno hili kama wanavyolitumia msikitini, si kwa maana ya hofu tu. Nikitawadha nilirudia, nikidhani kiwiko hakikupata maji. Nikihirimia sala nilirudia takbiri mpaka imamu alikuwa amekwenda rukuu. Nikishona kola ya kanzu niliifumua kwa sababu pembe moja ilinielekea kuwa fupi kuliko ya pili kwa upana wa uzi. Watu wa kichochoro walikuwa wakiniita Bakari Wasiwasi, na mteja aliyeahidiwa nguo yake Ijumaa alijua kuuliza ni Ijumaa ya mwezi gani.

Bwana Athumani alikuwa rubani. Meli za moshi zilipofika nje ya Shela, yeye ndiye aliyetoka kwa mashua, akapanda ngazi ya kamba, akasimama kando ya nahodha wa Kizungu na kumwonyesha ndia, njia ya maji baina ya miamba na mafungu ya mchanga. Meli hazikuja mara kwa mara, lakini zilikuja mvua au jua, na masika ya mwaka uliotangulia yalimpiga kifua. Nilikuwa nikimsikia kutoka kwenye daka. Kikohozi chake kilianza chini, kama mtu anayeburuta sanduku juu ya sakafu, kikapanda, kikakatika, na nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza kama kitaanza tena. Mlango wa nje ulikuwa mnene lakini ulikaa wazi mchana kutwa, na maneno ya ukumbini yalinifika nipende nisipende. Ndivyo nilivyosikia mapatano yao. Bi Zena alisema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anapanga mambo, kwamba hatamzuia mumewe kwenda kazini, kwa sababu amewahi kumwona akikaa bure na hakutaka kumwona tena hivyo. Lakini masika yakiingia naye hana kitu cha kumkinga mwili, basi siku atakayoshuka kwenda mashuani, yeye atashika ndia ya Matondoni kwa ndugu zake, na hatarudi kumwuguza. "Sitaki kukuzika kwa mai ya mvua," alisema. Bwana Athumani akasema kwamba yuko Mhindi mmoja, msaidizi wa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, kwenye meli ya barua, ambaye ana koti.

Koti lilikuja na meli iliyofuata. Sikuwa nimewahi kuona nguo namna ile. Lilikuwa la pamba nzito, rangi ya majani makavu, na juu ya pamba palikuwa na kitu kilichoifanya ing'ae kidogo na kunata vidoleni. Bwana Athumani alilivaa ukumbini, akaniita nije nione, akamwagiwa kata ya maji begani. Maji yalikusanyika matone matone, yakateremka, yakaanguka sakafuni. Alicheka kama mtoto, akataka amwagiwe tena. Bi Zena alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Nilimsikia akimshukuru Mungu. Ilikuwa kama jambo limekwisha. Tukaletewa kahawa na kaimati, nami nikaligeuza koti ndani na nje nikiuhesabia kila mshono wake makosa, maana mishono ya mtu mwingine ndiyo chakula cha fundi aliyejifunza peke yake.

Bi Rukia, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeuliza kitu kile kimepakwa nini. Bwana Athumani alijibu vile vile alivyojibiwa na yule baharia: mafuta. Mafuta ya nini? Hakujua. Yule mtu alisema mafuta, akasugua kitambaa kwa kidole gumba, basi. Katika lugha yetu neno hilo latosha kwa nazi, kwa simsim, kwa papa na kwa mnyama yeyote anayechinjwa na asiyechinjwa. Bi Rukia alivuta leso yake kichwani akasema hakusudii kumharibia mtu neema yake, ila Wazungu kila kitu chao wanakipaka nguruwe, viatu, mitambo, hata mikate. Akaenda zake kupika. Jioni ile koti lilitolewa ndani likatundikwa kwenye msumari wa daka, juu ya kichwa changu. Bi Zena hakuweza kulala nalo nyumba moja, na Bwana Athumani hangeweza kusali nalo huko mashuani. Asubuhi Bi Zena aliniita kutoka nyuma ya mlango. "Bakari, mwanangu, weye ndiwe mtu wa tohara mui huu mzima. Nitoharishia koti hili."

Hakuna aliyewahi kunipa kazi inayonifaa kama ile. Najisi ya mbwa na nguruwe, tulifundishwa kwenye chuo cha Kurani, huoshwa mara saba, na moja iwe kwa udongo. Mtu mwingine angelimwagia maji mara saba akaondoka. Mimi nilichemsha maji ya majivu, nikalilowesha, nikalisugua kwa makumbi ya nazi mshono kwa mshono. Maji ya kwanza yalitoka na utando wa manjano juu, mzito, wenye harufu ngeni, na nilipouona moyo wangu ulifurahi: najisi ilikuwa ikitoka, niliiona kwa macho yangu. Maji ya pili yalitoka nayo zaidi. Nilisugua udongo safi nilioutoa shamba mahali ambapo hapajapita mnyama. Nilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na kisima, na kila apitaye alikuwa na neno. Mmoja aliuliza nani amekufa. Wa pili akasema si mtu, ni koti la Mzungu, Bakari analiosha alitie sanda. Nami sikukasirika. Nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote, kwa sababu sheria ilikuwa imeniambia mara ngapi, na kwa mara moja maishani nilijua mahali pa kusimama.

Lilipokauka lilikuwa jepesi, laini, la rangi ya mchanga. Bwana Athumani akalivaa, akamwagiwa kata ya maji. Koti lilikunywa maji yote. Hapakuanguka tone sakafuni. Nguo yake ya ndani ililowa mpaka kiunoni, na mshono wa mkono wa kushoto, ambao ninadhani uzi wake ulioza kwa maji yangu ya majivu, ukaachia alipoinua mkono kujipangusa. Alitazama mkono ukining'inia, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Tulingoja mpaka kikaisha. Nyuma ya pazia Bi Zena alimwita aje abadili kanzu. Ningependa angenitukana.

Nilikwenda kwa mwalimu aliyenisomesha utotoni, nikamweleza yote, nikiwa na tumaini la siri kwamba atasema nilifanya ilivyopasa. Alikuwa akila mkate wa mofa na mtuzi wa nazi, akanikaribisha, nikakataa, akanikaribisha tena, nikala. Akauliza kama kulikuwa na mtu aliyeona nguruwe akiyeyushwa. Nikasema la. Kama yule baharia alimtaja nguruwe. Nikasema la. Akachovya mkate. "Basi kitu kile kilikuwa tohara tangu ulipokishika. Hukuosha najisi, Bakari. Umeosha wasiwasi wako, nao haujatoka." Hakulisema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu kwamba chumvi imezidi. Kisha akanitaka nimalize mtuzi, usimwagwe.

Masika yalikuwa karibu, na sasa nilijua wazi nini kinangoja: mume atakayeshuka mashuani bila ya kinga, na mke atakayeshika ndia ya Matondoni. Nilianza kutafuta jinsi ya kulirudisha koti. Kwanza nilijaribu sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya bahari. Nilipaka kwenye kipande cha bitana tu, namshukuru Mungu, kwa sababu harufu yake ilifukuza wateja na ikawaleta paka. Bi Rukia alisema afadhali nguruwe. Mafuta ya nazi yalikaa siku chache yakachacha na maji yakapita. Utomvu wa sandarusi ulioyeyushwa ulikauka ukawa mgumu kama kioo, na nilipokunja kitambaa ukapasuka. Ni nta iliyonionyesha njia. Kila fundi hupitisha uzi wake kwenye nta ili usikatike, na donge langu lilikuwa pale mbele yangu muda wote, jeusi kwa vidole. Nilikuwa nimeona kwamba uzi wenye nta haushiki maji. Nikanunua nta ya Waboni iliyokuja kwa mashua kutoka bara, bado ina miguu ya nyuki ndani, nikaiyeyusha nikaichuja kwa kitambaa. Peke yake iliweka mistari myeupe kila nilipokunja. Nikaichanganya na mafuta ya simsim yaliyochemshwa; yakizidi inanata, yakipungua inapasuka. Nilipopata kiasi chake, nililitandaza koti juu ya dari, yaani paa tambarare la nyumba, penye yua la adhuhuri, nikasugua kwa tambara vuguvugu, nikaona nta inazama ndani ya pamba na kuifanya nyeusi kidogo, kama ardhi inavyokuwa mvua ikianza. Nikamwaga maji kwa kiganja. Yakakusanyika, yakateremka.

Laiti ningeishia hapo. Nilikuwa na mshono wa mkono wa kushoto uliobaki. Mtu mwenye akili angeushona kwa saa ya baina ya sala mbili. Mimi niliushona, nikaona mkunjo mdogo kwapani, nikaufumua. Niliushona tena, ukawa hauko sawa na wa kulia. Nilifumua. Kila nilipofumua, sindano iliacha matundu kwenye nta, na kila tundu lilikuwa mlango wa maji, kwa hiyo ilibidi nipake tena, nianike tena, nipime tena. Mvua za kwanza zilianza, zile za kupita. Bwana Athumani alikuja darini mara moja akanitazama. Hakuniharakisha. Aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia kwamba nikiumaliza mkono huu hapatakuwa na koti lililo bora Amu wala Unguja. Akasema, "Mimi si wa Unguja," akateremka ngazi akikohoa.

Honi ya meli ilisikika asubuhi, na mvua ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, mvua ya kusimama, isiyo na upepo. Nilikuwa ukumbini, na mkono wa kushoto ulikuwa mapajani mwangu, umetengwa na koti, kwa sababu usiku uliopita niliufumua mara nyingine. Bwana Athumani alitoka chumbani amevaa kikoi na kanzu fupi ya kazi. Wavuta makasia walikuwa mlangoni wakimwita. Nikasema nipeni muda kidogo. Nilikuwa nikitunga uzi. Uzi ulipita pembeni mwa tundu, nikaulamba, ukapita pembeni tena. Bwana Athumani alisema hapana neno, atakwenda hivyo hivyo, ameshalowa maisha yake yote. Alisema kwa upole, nami nilisikia nyuma yake pazia likifunguliwa. Bi Zena alitoka mpaka ukumbini amejifunika leso, mkononi ana kifurushi cha nguo kilichofungwa tayari. Sikuwa nimewahi kumwona kwa karibu. Alikiweka kifurushi chini, akaja akanyosha mkono.

"Pija bandi," aliniambia.

Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza nguo kabla ya kuishona hasa. Ni kazi ya kuanzia, hufumuliwa baadaye. Nilimwambia kwamba bandi haizuii maji, kwamba mkono utavuja, kwamba ni aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Athumani ana mikono miwili," akasema. "Mmoya ukirowa, wa pili utakuwa mkavu. Pija bandi, nipa."

Nikapiga. Nilipiga mishono mirefu kama vidole, imepinda, nikitumia uzi wa katani uliokuwa karibu, na yeye alisimama juu yangu akihesabu kwa midomo. Nilipofunga fundo alininyang'anya koti kabla sijalitazama, akachukua donge langu la nta, akalisugua juu ya mshono kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria, akamvisha mumewe mwenyewe na kumfunga vifungo mpaka shingoni. Bwana Athumani alitoka. Maji yaliteremka mgongoni mwake akipita kichochoroni, na kisha hatukumwona.

Bi Zena hakukichukua kifurushi, wala hakukifungua. Alikiacha pale sakafuni baina yetu, akarudi nyuma ya pazia. Baadaye mtumishi akaniletea sinia: wali, samaki wa kukaanga, ndimu. Sikuweza kula. Nilikaa nikiutazama mlango, nikiwaza bega la kushoto na matundu yake. Kutoka ndani sauti yake ilikuja. Aliniuliza kama nimeonja. Nikasema bado. Akasema samaki akipoa ananuka, na kwamba yeye pia hajala, basi tule, kila mtu upande wake wa pazia. Tukala. Alinieleza kwamba alipoolewa alikuwa hajui kupika mkate wa mofa, na Bwana Athumani alikula mikate iliyoungua mwaka mzima akisema imeiva vizuri. "Hata leo," akasema, "hajui kwamba nilijua alikuwa akinidanganya."

Bwana Athumani alirudi baada ya adhuhuri. Alisimama mlangoni akitiririka, akavua koti, na Bi Zena akamgusa kifua kwa kiganja, kisha mgongo, kisha mbavu, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kanzu ilikuwa kavu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelowa kuanzia begani mpaka kiwiko, na pale tu. Alikohoa mara moja, akasubiri, hakukohoa tena. Kisha alinikabidhi koti nami nikashika mkasi mara moja, kuikata ile bandi na kuanza upya. Bwana Athumani aliweka mkono wake juu ya mkasi. Alisema mkono ule umempeleka na umemrudisha, na kwamba nikitaka kuendelea kukaa kwenye daka lake, nisiuguse.

Sikuugusa. Kila mwaka kabla ya masika nililichukua koti, nikalipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, maji baridi, bila ya sabuni, nikalipaka nta na simsim penye mikunjo na viwiko, nikalianika juu ya dari, nikalirudisha siku ya pili. Bandi niliizidishia nta mpaka ikawa ngumu kama kamba ya chombo. Haikuwahi kuachia. Miaka kadhaa baadaye, baharia mmoja wa Ngazija aliyekuja kunywa kahawa penye daka alilishika koti akasema alimwona bosi wake akipika ile dawa wanayopaka makoti ya namna hii: mafuta ya mbegu za kitani na nta ya nyuki, hakuna zaidi. Bwana Athumani alicheka mpaka akashika nguzo, na kikohozi hakikuja. Bi Rukia, kutoka mlangoni kwake, alisema yeye alikuwa ameuliza tu. Bwana Athumani aliendelea na urubani mpaka macho yalipopungua, akafa kitandani kwake, wakati wa kiangazi, kwa homa isiyohusiana na mvua. Kifurushi cha Bi Zena nilikiona mara nyingi juu ya kabati la ukumbini, kimefungwa vile vile. Sijui kama kiliwahi kufunguliwa.

Juzi nililitandaza koti la Mwanakheri juu ya dari. Vifungo viwili vilikuwa vimekufa, nikavibadilisha. Pindo la nyuma limetafunwa na mende kidogo, nikalipiga kiraka. Nilipofika begani nilipitisha kidole juu ya mishono yangu mirefu, iliyopinda, na nilikumbuka kila mmoja. Jana Mwanakheri alikuja, akaliona bega, akasema, "Babu, hukushona hapa." Nikamwambia pale pameshashonwa. Alinitazama kama wajukuu wanavyowatazama wazee, akalikunja, akaenda.

Nilisema kwamba lingekuwa tayari jana, na jana lilikuwa tayari. Ndivyo ninavyofanya kazi tangu mwaka ule. Bado naona kila pembe iliyo fupi kwa upana wa uzi, lakini siifumui, na natawadha mara moja.